Siku Tulipotoa Vitu vya Masunga Nje

Jumapili. Mawingu yametanda Bariadi tangu asubuhi, mvua inatishia tu haishuki. Macho yangu yamevimba, na mgongo unanikumbusha kila gunia nililobeba jana. Sina hamu ya kula. Nimekaa kibarazani na simu mkononi kwa sababu ndani mama amelala, na nikianza kutembeatembea nitamwamsha.

Nataka niandike ilivyokuwa kabla watu hawajaanza kunisimulia mimi mwenyewe mambo yaliyotokea nyumbani kwangu. Mji huu haukawii.

Kwanza niseme ukweli kuhusu nyumba yangu. Ilikuwa jalala. Kazini mimi ni mtunza bohari, kila boksi lina mahali pake, na mtu akirudisha toroli bila kulifuta matope tunakosana mpaka mwisho wa wiki. Nyumbani, kinyozi hajinyoi. Ukifungua mlango wa mbele unakutana na baiskeli isiyo na mnyororo. Ukitaka kukaa kwenye kochi uhamishe kwanza bomba la kupulizia dawa ya pamba, na ukishalihamisha hujui pa kuliweka.

Vingi havikuwa vyangu. Atakayenielewa ni yule aliyekuwa wa kwanza kwao kujenga mjini. Ukishaezeka na kuweka mlango wenye kufuli, ukoo mzima umepata ghala. Kwetu ni Nkololo, na kila anayetoka huko kuja hospitali, mnadani au mahakamani hushuka na mzigo na kuondoka bila mzigo. Niwekee hapa dada, nitapitia. Hawapitii. Kuna plau ya kulimia na ng'ombe ambayo mwenyewe ameshanunua nyingine. Kuna sanduku la shule la mtoto wa baba mdogo, aliliacha akiwa kidato cha kwanza na sasa yeye mwenyewe anasomesha. Kuna mabeseni ya zawadi za harusi, na ndoa yenyewe ilishavunjika. Kukataa huwezi, maana utaambiwa mji umekubadilisha, na siku ukipata shida watakuja wamenuna.

Na mimi sijitoi lawamani. Maji ya bomba hukatika, kwa hiyo nina madumu mengi kuliko mtu mmoja anavyohitaji. Nina makopo ya rangi iliyokauka, pasi mbili mbovu, na vitenge ambavyo nimevihifadhi kwa sherehe ambayo siijui. Mume wangu tuliachana zamani, watoto sikujaliwa. Nyumba ya mtu mmoja hujaa haraka kwa sababu hakuna wa kumwonea aibu.

Lakini hayo yote yangeweza kungoja. Chumba cha nyuma ndicho kilichokuwa na neno.

Chumba cha nyuma kilikuwa cha Masunga.

Masunga ni mdogo wangu, mtoto pekee wa kiume wa mama yetu. Mwaka ambao pamba ilikubali, wenzake walinunua pikipiki, yeye akanunua mabati. Alitaka kumwezekea mama nyumba yake ya Nkololo, ambayo ni ya nyasi. Mabati aliyaleta kwangu kwa sababu kijijini yangeota miguu, na pamoja nayo akaleta mlango wa mninga, madirisha mawili ya chuma na sanduku la nguo zake. Kilichobaki ni mbao. Akasema mbao atazileta akirudi, akaondoka kwenda kusini kuchunga ng'ombe wa watu, kama vijana wengi wa kwetu walivyofanya malisho yalipoisha.

Mwanzoni alipiga simu. Baadaye akawa anapiga mara mojamoja. Kisha namba ikawa haipatikani kwa muda mrefu sana, mpaka siku moja ikaita, nikasimama katikati ya ofisi kwa furaha. Akapokea mwanamke mwenye lafudhi ya Njombe. Alinieleza kwa upole kwamba laini ni yake, ameinunua dukani. Nilipomsimulia mama, alisema vijana hubadilisha laini.

Waliorudi kutoka kusini tuliwauliza. Mmoja alisema alimwona Masunga mnadani, amenenepa. Mwingine alisema kundi lao lilivuka mto uliojaa na si wote waliotokea ng'ambo. Mama alichukua habari ya kwanza. Ya pili akairudisha kwa mwenyewe.

Miaka ikaenda, na nyasi za paa lake zikaoza. Baba mdogo Jilala, mdogo wake marehemu baba, anakaa uwanja wa pili kutoka kwa mama, na alijitolea zaidi ya mara moja kuleta fundi. Mabati yapo, mbao tutachanga, kazi ni ya siku chache. Mama alikataa. Kwetu mtoto wa kiume akimwezekea mama yake bati, hata kama kuna fundi, hupanda juu mwenyewe na kupigilia japo msumari mmoja, na mama yuko chini uwanjani anapiga vigelegele majirani wasikie. Mama alikuwa ameviweka vigelegele vyake. Akipanda mtu mwingine juu ya paa lile, maana yake Masunga hayupo. Yeye hakulisema hivyo. Alisema tu kwamba mabati yana mwenyewe.

Tukamwacha. Akiba haiozi, tulijiambia.

Mvua za kwanza za msimu huu zilimkuta amelala. Aliamka godoro limelowa, na kwa kuwa ni mama yangu, aliligeuza upande wa pili akalala tena. Kifua kikambana. Baba mdogo alimleta hospitali akiwa hawezi kumaliza sentensi, wakasema ni nimonia. Alipopata nafuu daktari alinivuta pembeni akaniuliza huyu mama anaishi nyumba ya namna gani. Nikamwambia ni ya nyasi, na inavuja. Akasema asirudi huko, kifua chake hakitavumilia kulowa mara nyingine.

Tukakubaliana akae kwanza kwa baba mdogo siku chache, mimi nimtayarishie chumba. Na chumba kilikuwa hicho kimoja tu.

Hapo ndipo nilipokwama. Ili mama apate pa kulala, lazima vitu vya Masunga vitoke. Na nikimwambia mama kwamba vinatoka, haji. Namjua. Angerudi chini ya nyasi zake na angekufa huko akiwa amenyooka. Kwa hiyo nikapanga: vitu vya Masunga nivihamishie nyuma ya nyumba chini ya turubai, mama afike Jumapili baada ya misa, alale siku mbili tatu, azoee kitanda, ndipo nimweleze taratibu. Nilijiona mwerevu.

Jana Jumamosi nilianza mapema. Nilimpigia shangazi Milembe, dada yake marehemu baba, ambaye anakaa hapahapa mjini upande wa pili, aje achukue vya kwake. Alikuja amejifunga kanga kiunoni tayari kwa vita. Viroba vyake vya michembe, vile viazi vikavu alivyoniachia nisiguse hata kimoja, vilipofunguliwa vilitoa vumbi na wadudu. Akasema nimemwozeshea chakula. Nikamjibu kwamba chakula alikiozesha aliyekisahau. Akasema mtu anayeishi peke yake anakuwa na mdomo, na wanawake wote wakacheka, hata mimi.

Wanawake walikuwepo kwa sababu jirani yangu Mama Esta aliwaita. Alipoona nahangaika peke yangu na makochi, alikwenda akarudi na wenzake wa mtaani, viti vya plastiki vya kikundi chao, na sufuria kubwa, maana jikoni kwangu hapakupitika na watu wanaofanya kazi lazima wale. Tukawasha moto uwanjani mbele. Tukatandika mkeka chini ya ukuta. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nyumba yangu ilikuwa na sauti za watu, na nikajilaumu kwa nini sikuwahi kuomba msaada.

Kisha tukaingia chumba cha nyuma.

Mabati yalikuwa yamelala sakafuni, na juu yake nilikuwa nimepanga madumu ya maji. Mimi mwenyewe. Mtunza bohari. Dumu moja lilikuwa na ufa, likawa linavuja kidogokidogo, na mengine nilikuwa nayaweka yakiwa yanachuruzika. Mabati ya juu yalishikana na kufanya unga mweupe, na tulipoyabandua yalipiga kelele ya kuchanika. Yale ya chini kabisa yalikuwa yameshika kutu kutoka sakafuni. Yaliyopona ni ya katikati tu. Nilitoka na bati moja nikaliinua juu, na mwanga wa jua ukapita kwenye matundu ukaniangukia usoni.

Nilikaa chini palepale. Mabati yaliyonunuliwa ili mama asilowe yalilazwa ndani kwangu kama mgonjwa, mama akalala mvuani, na mwishowe na yenyewe yakaloweshwa na mimi. Nilimkasirikia mama kwa ubishi wake. Nilijikasirikia. Lakini zaidi nilimkasirikia Masunga, na nikasema kwa sauti jambo ambalo sijawahi hata kuliwaza mpaka mwisho.

"Kama umekufa, si useme."

Nadhani hakuna aliyenisikia.

Nyuma ya nyumba palishajaa. Vitu vya kuchoma, vya kugawa, vya watu wa kupigiwa simu, vyote tulivirundika huko, na turubai halikutosha. Kwa hiyo vitu vya Masunga vikaja mbele. Mabati tuliyaegemeza ukutani yakauke. Mlango wa mninga tukaulaza chini. Nilipofungua sanduku, nguo zilinuka unyevu, na Mama Esta akasema tuzianike kidogo zipigwe na upepo kabla ya kuzikunja tena. Tukaanika kwenye kamba ya mbele: suruali zake, shuka lake la kuchungia, na lile koti la kijani alilokuwa akilivaa asubuhi za baridi mpaka tukamtania kwamba alizaliwa nalo. Vikapepea huko.

Sikuutazama uwanja wangu kama mtu anayefika angeutazama.

Na mtu alikuwa njiani. Baba mdogo alikuwa amepata lifti ya gari linalokuja mjini kuchukua mbegu za pamba, akaona kwa nini angoje Jumapili ilhali gari la bure lipo. Alinipigia. Simu yangu ilikuwa ndani, chini ya mapazia, na hakuna aliyeisikia.

Gari lilisimama barabarani, dereva akamshusha mama taratibu, baba mdogo akamshika mkono. Wakaingia uwanjani. Walichokiona ni hiki: moto mbele ya nyumba na sufuria kubwa juu yake. Viti vya plastiki. Wanawake wamekaa kwenye mkeka, kanga viunoni, wamechoka, hawaongei. Shangazi, dada wa baba, amesimama mbele yao na beseni. Na katikati ya hayo yote, vitu vya Masunga, mlango wake, mabati yake, nguo zake kwenye kamba.

Mtu yeyote wa kwetu anajua uwanja kama huo ni wa nini. Ndivyo vitu vya marehemu vinavyotolewa siku ya kugawa. Vinatolewa nje, vinaanikwa, ukoo unakaa chini, shangazi anasimama. Mtu aliye hai, vitu vyake havikai uwanjani hivyo.

Mama hakusalimia mtu. Aliliona koti. Akavua kandambili zake akaziacha palepale, akaweka mikono kichwani, na akaanza kulia kwa Kisukuma, Masunga wane, Masunga wane, Masunga wangu, kwa sauti ambayo sikudhani kifua kile bado kinayo.

Shangazi akasikia wifi yake analia jina la Masunga. Yeye akajua habari zimefika Nkololo na zimekuja na gari. Beseni likamponyoka, akajitupa chini.

Mimi nilikuwa ndani nafagia. Nilitoka na fagio mkononi nikamwona mama analia, shangazi yuko chini, baba mdogo amesimama amevua kofia. Nikajua. Sikufikiri hata kidogo, nilijua kabisa kwamba mdogo wangu amekufa, kwamba wamepata habari na ndiyo maana wamekuja siku moja kabla. Nililia kilio ambacho sikujua kama ninacho ndani, nikamlilia tangu alipokuwa mdogo, tangu nilipokuwa namvusha mtoni mgongoni.

Baba mdogo naye alituona sisi tunavyolia akaamini tulizipata habari mapema tukawaficha.

Hapa mtu halii peke yake. Kilio kikisikika, mtaa unakuja. Mtu alileta maji. Mtu mwingine alileta mkeka wake. Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, mama ambaye hajawahi kuchelewa msiba, aliingia na rozari mkononi na kumkumbatia mama bila kuuliza chochote. Wanaume wakaanza kukaa upande wao, wakiulizana kwa sauti ya chini mazishi yatakuwa wapi.

Swali hilo la mazishi ndilo lililotufumbua macho. Baba mdogo alinisogelea, akainama, akaniuliza mwili uko wapi. Nikamwambia mimi sijui, nilikuwa nangoja aniambie yeye. Akaniangalia.

"Mimi nikuambie? Habari si mmezipata ninyi?"

Nikatikisa kichwa. Akasimama wima, akauliza uwanja mzima, kwa sauti ya kawaida tu, nani ameleta habari. Shangazi akanyanyua uso wenye vumbi. Mama Esta akamwangalia shangazi. Kila mtu alimwangalia mwenzake.

Hakuna.

Nimeshawahi kuona aibu maishani, nimeachwa na mume mbele ya watu, lakini aibu ya jana sijui niiweke wapi. Nilimwendea mama aliyekuwa amekaa chini, nikapiga magoti.

"Mayu, hakuna aliyekufa. Hakuna simu iliyopigwa. Nilikuwa nasafisha chumba, ulale wewe."

Alijifuta uso kwa kanga. Machozi yalikuwa bado yanamtoka lakini sauti ilishatulia.

"Kama hajafa, kwa nini vitu vyake viko nje?"

Nikamweleza yote. Maneno ya daktari, chumba kimoja, hila yangu ya turubai. Nikamweleza na mabati yalivyoharibika, maana nilishaona kwamba nusu ya ukweli ndiyo iliyotufikisha pale. Nikamwambia tunavirudisha vyote ndani sasa hivi, yeye atalala chumbani kwangu na mimi nitalala sebuleni, chumba cha Masunga kitabaki kama kilivyokuwa. Nikanyanyuka kwenda kulishusha koti.

"Acha," akasema. "Msirudishe."

Nikadhani amekasirika.

"Mimi nimeshalia," akasema mama. "Nilikuwa natafuta pa kuanzia kumlilia mtoto huyu, sipaoni. Leo nimeanza. Bebe Kabula, mwanangu, usiniambie nirudi tena kungoja. Sina kifua cha kungojea."

Shangazi alipinga. Alisema kumlilia mtu aliye hai ni kumtafutia njia ya kufa, na kwamba lazima tufanye jambo kuondoa mkosi ule. Baba mdogo naye alisema msiba usio na habari si msiba, watu warudi majumbani kwao, na kwa kweli baadhi ya wanaume waliondoka wakinong'ona. Mama hakubishana nao. Alisema waliobaki wakae wale, chakula kipo. Tukala. Mama alikula sahani yake yote, kitu ambacho hakukifanya tangu alipotoka hospitali, na mimi nilimwangalia.

Jioni, kabla gari halijarudi Nkololo, mama alimwita baba mdogo akamwambia achukue yale mabati mazima akaiezeke nyumba ya mama, awe yeye mama atairudia au hatairudia. Baba mdogo aliuliza nani atapanda juu.

"Panda wewe," mama akasema, akageukia ukutani.

Nilisaidia kuyapakia.

Leo asubuhi, niliposema mwangaluka, hakuitikia salamu. Aliniomba wembe. Nilimnyoa kibarazani hapa ninapoandika. Nywele zake ni chache, nyeupe, zilianguka kwenye kitambaa bila uzito wowote. Nilipomaliza akachukua wembe mkononi mwangu akasema, haya, na wewe kaa.

Nilisita. Kunyoa ni kukubali. Mimi sijui kama ninakubali. Nilitaka kumwambia kwamba kesho anaweza kutokea mtu barabarani na mfuko mgongoni, kwamba kuna watu wamepotea wakarudi. Lakini ni yeye aliyekuwa akiniambia maneno hayo miaka yote, na ni mimi niliyekuwa nayasikiliza kwa uchovu. Nikakaa. Akaninyoa, akanikata kidogo juu ya sikio.

Nitaungama jambo moja hapa kwa sababu kwa padri sijui ningelipa jina gani. Jana, kwa ule muda mfupi niliposadiki kwamba Masunga amekufa, nilipumzika. Nililia kwa uchungu wote na bado ndani kulikuwa na kitu kinachoshusha mzigo. Baba mdogo alipouliza nani ameleta habari na ikawa hakuna, mzigo ulirudi ukanikalia. Sikufurahi kwamba huenda yuko hai. Dada gani huyo?

Nilikwenda misa ya pili nimejifunga kitambaa. Watu walinishika mikono, poleni, poleni sana kwa msiba. Ningewaeleza nini, pale mlangoni mwa kanisa, na foleni nyuma yangu? Nilijibu asante.

Nyumba ni safi sasa. Ukiingia unapita moja kwa moja mpaka jikoni. Shangazi amechukua kochi lake, plau imepata mtu, na chumba cha nyuma kina kitanda, stuli na dirisha ambalo nilikuwa nimesahau kwamba hufunguka. Mama analala vizuri, namsikia kutoka hapa, kifua hakikoromi. Nilidhani nyumba ikiwa hivi nitajisikia vizuri. Sijisikii.

Masunga, sijui kama huko uliko kuna mtandao, na sijui kama kuna huko uliko. Ukurasa wangu huu wanausoma watu wachache, wengi wa ofisini, nao hunisoma kwa udaku tu. Lakini ikiwa unasoma, jua kwamba mama hakukukasirikia. Amechoka tu kungoja, akaamua kupumzika. Mlango wako bado upo, nimeuegemeza hapa kibarazani kwa sababu nimeshindwa kumpa mtu.

Njoo tu. Ukifika ukatukuta vichwa vimenyolewa, usiulize nani amekufa. Kaa kwanza ule.